Mbegu safi ya muhogo: ni ya lazima, lakini inatosha?

Ba ndugu, kwenye kazi za kilimo hapa Ituri tunasikia mara nyingi maneno mawili. Mmoja anasema: «Mbegu safi ndiyo ilileta mavuno.» Mwingine anajibu: «Hapana, kuna vijiji vilipewa mbegu safi na havikuvuna kitu.» Wote wawili wanaweza kuwa na haki, juu wanajibu maswali tofauti.

Swali la kwanza: kati ya vijiji vilivyovuna vizuri, ni ngapi vilikuwa na mbegu safi? Hapo tunapima sharti la lazima. Swali la pili: kati ya vijiji vilivyopewa mbegu safi, ni ngapi vilivuna vizuri? Hapo tunapima sharti linalotosha. Charles Ragin, mwanasosholojia wa Marekani, alianzisha njia hii ya kulinganisha kesi kwa kitabu chake cha 1987, na mwaka 2006 akaeleza vipimo vyake.

Tuchukue mfano wa kutunga. Tuko na vijiji 20. Vijiji 12 vilipewa miti ya muhogo isiyo na mozaiki. Vijiji 8 vilivuna vizuri, na vyote 8 viko ndani ya hivyo 12.

Lazima: 8 kwa 8, ni 1. Watafiti wengi wanaomba angalau 0,9. Imepita.
Kutosha: 8 kwa 12, ni 0,67. Wanaomba karibu 0,8. Haikupita.

Sasa tuongeze usalama. Muhogo unakaa shambani mwaka mzima hivi, na tangu vita vya Djugu vya mwisho wa 2017 watu wengi wamekimbia na kuacha mashamba. Tuseme kati ya vijiji 12, watu wa vijiji 9 walibaki mpaka mavuno, na 8 kati yao vilivuna vizuri. Mbegu pamoja na usalama: 8 kwa 9, ni 0,89. Inatosha. Kile kijiji kimoja kilichobaki hatukitupe: turudi kule tuulize. Pengine ni ng'ombe waliingia shambani.

Lakini tuangalie mtego mmoja. Mvua ilinyesha kwenye vijiji vyote 20. Kwa hesabu, mvua nayo ni ya lazima: 8 kwa 8. Lakini haitufundishi kitu, kwa sababu hata walioshindwa walikuwa nayo. Ndiyo maana tunageuza hesabu: waliovuna vizuri kwa wote wenye mvua ni 8 kwa 20, yaani 0,4 tu. Kwa mbegu ni 0,67. Mbegu inabeba habari kuliko mvua.

Hii si mchezo wa namba. Ukisoma 0,67 ukasema «mbegu haina maana», mradi utafungwa, na mkulima atarudia kupanda miti yenye ugonjwa. Ukisoma 1 ukasema «mbegu inatosha», utagawa mbegu mahali ambapo mtu hatakuwepo kuvuna. Kabla ya kuandika hitimisho, tujiulize kwanza: chini ya mstari wa kugawanya, nimeweka nani?