Barua ya Rufaa Imekwenda, Majibu Je?

Hapa Tanzania mgonjwa anayepelekwa hospitali kutoka zahanati huenda na barua ya rufaa. Lakini anaporuhusiwa kurudi nyumbani, mara nyingi mganga wa zahanati hapati taarifa yoyote, ingawa ndiye atakayeendelea kumhudumia.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mwenye shinikizo la damu aweza kupewa hospitalini dawa ileile aliyo nayo nyumbani, ila kwa jina lingine la biashara. Akizimeza zote mbili, presha hushuka mno, naye huweza kuanguka. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kampeni ya kuzuia madhara ya dawa, kipindi hiki cha kuhama kutoka huduma moja hadi nyingine kilikuwa kati ya vipaumbele vyake vitatu.

Barua ya kuruhusiwa itaje ugonjwa uliogunduliwa, dawa za kuendelea nazo, dawa zilizosimamishwa, majibu ya vipimo yanayosubiriwa na tarehe ya kurudi.

Tunaziomba kamati za parokia: mnapomtembelea mgonjwa aliyeruhusiwa, mwulizeni kama anayo barua hiyo. Msiisome, ni siri yake. Mhimizeni aifikishe zahanati pamoja na dawa zake zote. Nanyi wafadhili wetu, karatasi hii moja hulinda matibabu mliyoyachangia.