Je, Wajua Kufuli Ambalo Kila Mtu Anaruhusiwa Kulichunguza?

Mvuvi wa Kabonga, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, huingia ziwani jioni na taa zake, akarejea alfajiri na ndagala. Akiwa mbali na pwani, simu yake mara nyingi haina mtandao. Mteja wa Kigoma akimwandikia saa tano usiku kuuliza bei, ujumbe lazima ulale mahali mpaka mtumbwi ukaribie nchi kavu. Je, unalala kwa nani, na huyo anayeulaza anaweza kuusoma?

Swali hilo liliwasumbua wataalamu kwa miaka. Mbinu ya kufunga ujumbe iitwayo OTR, iliyotoka mwaka 2004, ilizitaka pande zote mbili ziwe hewani kwa wakati mmoja ndipo zikubaliane ufunguo. Kwa mtu aliyeko majini haisaidii. Jawabu lilianza kupatikana mwaka 2013, kwa kazi ya Moxie Marlinspike na Trevor Perrin, na leo linaitwa itifaki ya Signal.

Simu inaposajiliwa, hujitengenezea jozi nyingi za funguo. Katika kila jozi, ufunguo wa siri hubaki ndani ya simu, na ule wa wazi hupelekwa kwenye seva ukae akiba. Mteja anapoandika, simu yake huchukua funguo za wazi za mvuvi, ikazichanganya kwa hesabu na funguo zake yenyewe za siri, ukazaliwa ufunguo mpya. Mtandao ukirudi, simu ya mvuvi hufanya hesabu hiyo kutoka upande wake na kufikia ufunguo uleule. Seva iliyobeba mzigo usiku kucha haina funguo za siri za yeyote, hivyo haiwezi kuufungua.

Kazi haiishii hapo. Kila ujumbe hupewa ufunguo wake, na ufunguo ukishatumika hufutwa. Mwizi akiupata mmoja leo, hasomi ya jana. Wawili hao wakiendelea kujibizana, simu zao huchanganya funguo mpya na mwizi akaachwa nje. Huu kwangu ndio ufundi mkubwa kuliko wote: kufuli linalojiponya baada ya kuvunjwa.

Na ufundi wenyewe haukufichwa. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Ufaransa, aliandika kwamba mfumo wa siri unapaswa kubaki salama hata adui akiujua wote, mradi asiupate ufunguo. Signal, programu ya ujumbe inayotumia itifaki hiyo, imejengwa hivyo. Ni programu huria: mtaalamu yeyote, awe Bujumbura au Berlin, anaweza kuusoma msimbo wake na kutafuta kasoro. Mwaka 2016 waendeshaji wake walipodaiwa taarifa za mtumiaji na mamlaka za sheria huko Virginia, Marekani, walichokuwa nacho ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. WhatsApp iliitumia itifaki hiyohiyo na kukamilisha kuiweka kwa watumiaji wake wote Aprili 2016, ila programu yake yenyewe si huria. Hapo unafunga kwa kufuli zuri ndani ya nyumba usiyoruhusiwa kuikagua.

Pwani hii ya Tanganyika inajua pia mambo ambayo kufuli haliwezi. Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano yalipoanza Burundi, WhatsApp, Viber na Facebook zilifungwa kwenye mitandao ya simu. Wiki chache baadaye makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walikuwa wamekwama Kagunga, ng'ambo ya mpaka kutoka Kabonga, nchini Tanzania, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na meli ya MV Liemba ikawa inawavusha kwenda Kigoma. Ujumbe uliofungwa vizuri nao huhitaji njia ya kupita. Njia ikikatwa, siri yako imesalimika, lakini ndugu yako hajui uliko.

Ziko siri za kupeleka, na ziko karatasi za kutunza. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 huko Rumonge na Nyanza-Lac, Burundi, walirudi miongo kadhaa baadaye wakakuta mashamba yao, mengi ya michikichi, yana watu wengine, na kesi zikageuka kuwa ushahidi wa mdomo dhidi ya mdomo. Kwa kazi ya nyaraka za haki za binadamu ipo programu huria yenye jina la Kiswahili, Uwazi, iliyotengenezwa na HURIDOCS, shirika lililoanzishwa mwaka 1982. Unapakia hati, unaandika ni ya nani, ya wapi na ya lini, kisha unachagua sentensi ndani yake na kuiunganisha na hati nyingine. Taasisi ya IHRDA ya Banjul imeitumia kukusanya maamuzi ya haki za binadamu barani Afrika. Inahitaji seva na fundi, kwa hiyo familia moja haitaimudu; chama cha wakulima au shirika la msaada wa sheria litaweza, na ningependa sana kuona wakijaribu.

Kwa mwenye simu tu, kuna jambo la kufanya leo. Fungua mazungumzo ndani ya Signal, gusa jina la unayeongea naye, utafute namba ya usalama. Ni tarakimu 60, zimepangwa tano tano katika mafungu 12. Mkikutana, someaneni. Zikilingana, hakuna aliyejipenyeza katikati. Mwenzako akibadilisha simu, namba nayo inaweza kubadilika, na ikibadilika programu itakuarifu: mpigie kwanza, usikie sauti yake, ndipo umtumie picha ya mkataba wa shamba.