Hekima ya Wachina na Mama Aliyepona Kansa ya Titi

Kila mwaka, tarehe 5 Februari, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Agata, bikira wa Sisilia aliyekufa kwa ajili ya imani katika karne ya 3. Mapokeo yasema kwamba watesi wake walimkata matiti. Ndiyo sababu akina mama wenye ugonjwa wa matiti humwomba awaombee kwa Mungu. Nao si wachache. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilihesabu wanawake milioni 2,3 walioonekana kuwa na kansa ya titi, na wengine 670.000 waliokufa kwa ugonjwa huo. Lakini wengi hupona, hasa ugonjwa ukitambuliwa mapema. Leo twapenda kusema juu ya hao waliopona.

Mama ametoka hospitali, kidonda kimekauka, nywele zimeota tena. Arudi nyumbani na swali moja moyoni: «Sasa niishi namna gani ili ugonjwa usirudi?» Majirani wana majibu mengi. Huyu ampa majani, yule ampa unga wa mizizi, wa tatu amshauri aache vidonge vya daktari. Swali hilo hilo limeulizwa sana katika nchi ya China, ambako dawa ya wazee na dawa ya hospitali zimekaa pamoja tangu miaka mingi. Tutazame basi yaliyoonekana huko, tujifunze kuchagua.

Dawa ya Wachina ni nini?

Elimu hiyo ina umri wa miaka zaidi ya 2.000. Wazee wa China walifundisha kwamba mtu ni mzima ikiwa nguvu ya uhai, waiitayo qi, yapita mwilini bila kizuizi, na ikiwa yin na yang, yaani mambo mawili yanayokabiliana kama baridi na joto, usiku na mchana, yamekaa kwa kipimo cha haki. Mganga wao hushika mkono wa mgonjwa na kusikiliza mapigo ya mshipa, hutazama ulimi, kisha huagiza majani na mizizi, au huchoma sindano nyembamba sana, au hufundisha mwendo wa mwili na namna ya kula.

Mkristo aweza kuuliza: Je, huo si ushirikina? Twajibu hivi: mafundisho juu ya qi ni fikira za wazee wa kale, si sehemu ya imani yetu, wala elimu ya leo haikuyathibitisha. Lakini jani, sindano, chakula na mwendo wa mwili ni vitu vinavyoweza kupimwa. Kinachoonekana chema baada ya kupimwa, tukipokee kwa shukrani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kuwaheshimu waganga na dawa zao.

Jani lililopimwa

Mfano wa kwanza umefika hata katika nyumba zetu. Mwaka 1969 mwanamke mmoja wa Beijing, Bibi Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria. Yeye na wenzake walisoma vitabu vingi vya kale. Katika kitabu cha Ge Hong, mganga wa karne ya 4, waliona habari za jani liitwalo qinghao, ambalo huloweshwa katika maji na kukamuliwa. Bibi Tu akatambua kwamba moto ndio ulioiharibu dawa walipokuwa wakiichemsha. Mwaka 1971 aliitoa bila joto kali; wakaijaribu kwa wanyama, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wao wenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Hivyo ndivyo ilivyopatikana artemisinini, mama wa vidonge vya malaria tunavyopewa leo katika zahanati. Mwaka 2015 alipata tuzo ya Nobel.

Hekima ya wazee ilionyesha njia, na kazi ya kupima, iliyofanywa kwa subira na uaminifu, ndiyo iliyoifanya kuwa dawa.

Jani lisilopimwa

Mfano wa pili watoka Ubelgiji, nao ni wa huzuni. Karibu na mwaka 1990, katika mji wa Brussels, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa vidonge vyenye majani ya Kichina. Majina ya mimea miwili yalifanana katika lugha ya Kichina, na mmoja, ulio sumu, ukashika nafasi ya mwingine. Mwaka 1993 madaktari walitangaza kwamba figo za wanawake hao zilikuwa zikifa. Waliopatwa walizidi 100. Tena sumu ile huleta kansa: katika wanawake 39 waliotolewa figo zao zilizoharibika, 18 walikutwa na kansa katika njia ya mkojo. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2000.

Wanawake hao walikuwa wazima; walitafuta uzuri tu. Je, mama ambaye mwili wake umekwisha kupigwa na ugonjwa na dawa kali, atawezaje kuhimili jani asilolijua jina wala kipimo? Hata mmea wa kweli waweza kugombana na dawa ya hospitali ndani ya mwili na kuipunguzia nguvu.

Yanayomfaa mama aliyepona

Basi, katika hekima ya Wachina, ni yapi yaliyopimwa na kuonekana yenye faida kwake?

Kwanza, mwendo wa mwili. Asubuhi, katika bustani za miji ya China, wazee na wagonjwa hucheza taijiquan, yaani huinua mikono na kugeuza mwili polepole, huku wakivuta pumzi kwa utulivu. Guo Lin, mwanamke mchoraji aliyekuwa ameugua kansa ya tumbo la uzazi, aliwafundisha wagonjwa wengi wa Beijing kutembea hivyo. Huko Marekani, mwaka 2017, wanawake 90 waliopona kansa ya titi na kukosa usingizi walifuatwa na madaktari. Taijiquan iliwasaidia kulala sawa na mafundisho ya wataalamu wa usingizi. Si lazima kuiga Wachina katika kila jambo: kutembea kwa miguu nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, kwatosha kuanza. Mkono ukivimba upande uliopasuliwa, mama asiogope kuutumia, ila aongeze kazi kidogo kidogo, kwa shauri la daktari.

Pili, chakula. Wengine walihofu soya, kwa kuwa ina kitu kinachofanana na homoni ya kike. Lakini huko Shanghai, wanawake 5.042 walioonekana na kansa ya titi kati ya 2002 na 2006 walifuatwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: waliokula soya zaidi hawakufa wengi kama waliokula kidogo, wala ugonjwa haukuwarudia sana. Twasema soya ya chunguni, si vidonge vyake. Kwetu akina mama huichanganya na mahindi na mtama katika uji wa watoto. Hata mama mwenyewe yafaa anywe uji huo, tena ale maharage, mboga na matunda, na kuepuka unene. Pombe, hata ikiwa kidogo, ni adui wa titi.

Tatu, sindano. Vidonge vingine vya kuzuia homoni huleta maumivu ya viungo, hata wanawake wengine huviacha. Mwaka 2018 habari za wanawake 226 wa Marekani zilionyesha kwamba sindano za Kichina zilipunguza maumivu hayo. Lakini sindano ziwe mpya na safi, zichomwe na fundi aliyesoma, wala zisiguse mkono uliovimba.

Angalia lakini: sindano hizo hazikuondoa kansa. Zilimsaidia mama aendelee na dawa yake. Hapo ndipo ilipo faida yote.

Asiache njia ya hospitali

Mwaka 2018 wataalamu wa Yale, Marekani, walitangaza habari za wagonjwa waliokataa hospitali na kufuata dawa nyingine peke yake. Kwa kansa ya titi, hatari ya kufa ilizidi mara tano. Kwa hiyo, ewe mama, ukiandikiwa tamoksifeni kwa miaka mitano, au kumi, umeze kila siku, hata ukijiona mzima. Urudi kupimwa siku uliyoagizwa. Jani lolote unalopewa, mwonyeshe daktari kabla ya kulinywa, bila haya.

Nanyi waume na wana, mama huyo msimwone kama mtu aliyepungukiwa. Mmpunguzie mzigo wa kuni na maji mpaka nguvu zimrudie, mtembee pamoja naye, mmtafutie nauli ya kwenda hospitali. Na majirani wa jumuiya, mtakapomtembelea, mwacheni mfuko wa majani nyumbani. Mpelekeeni unga wa soya, na sala.