Usanifu na Matatizo ya Umma

Neno sanifu, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kutunga au kubuni jambo kwa ustadi, hasa katika utungaji wa maandishi. Siku hizi hutajwa pia msanifu wa majengo, na lugha iliyokubaliwa kwa matumizi ya jumla huitwa Kiswahili sanifu. Maana hizo zina undugu, kwani kuiwekea kanuni lugha ya watu wengi ni kazi ya usanifu, tena ya aina iliyo ngumu kabisa.

Ugumu wa aina hiyo ulielezwa mwaka 1973 na Horst Rittel na Melvin Webber, waalimu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Walionyesha kwamba matatizo ya jamii hayafanani na hesabu: hayana maelezo yaliyo kamili, hayana mahali pa kukoma, na jawabu lake halisemwi kuwa kweli au uongo, ila huwa jema au baya. Zaidi ya hayo, kila jaribio huacha athari isiyofutika.

Sifa hizo zaonekana katika historia ya Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu na shule, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Faida ilikuwa kubwa: tahajia ikawa moja, na kitabu kimoja kikaweza kusomwa katika nchi nne. Lakini Kimvita, lahaja yenye hazina ya ushairi wa tangu kale, haikupewa nafasi hiyo, na malalamiko yakadumu miaka mingi. Tatizo moja lilitatuliwa, na jingine likazaliwa humo humo.

Hapa fundi wa nguo ana la kufundisha. Yeye hamkadirii mtu kwa macho akaanza kushona. Hupima, hukata, hupiga bandi, humvika mwenyewe, na palipobana hufumua. Vivyo hivyo istilahi ya afya au ya sheria, kabla ya kupigwa chapa, yapasa ipelekwe kwa mkunga, kwa mgonjwa na kwa karani wa mahakama, isikike vinywani mwao, kisha irudi ikarekebishwe. Nguo hufumuliwa, neno lililokwisha kuenea katika vitabu vya shule halifumuliwi kwa urahisi. Kwa hiyo kipimo na kitangulie, na mwenye kuvaa awepo.