Bei ya Kompyuta Iliyokwisha Kutumika

Watu wengi wanaohamia nyumba ndogo huuza kwanza kabati na meza, nayo kompyuta ya mpakato huiacha mpaka siku ya mwisho, gari la mizigo likiisha kufika mlangoni. Hapo ndipo wapatapo hasara, maana mnunuzi akiona mizigo imefungwa hutaja bei aipendayo mwenyewe. Mwalimu wa Usagara aliyestaafu, naye angali ana ada ya mtoto ya kulipa, yampasa ajue mapema chombo chake chaweza kuleta shilingi ngapi.

Basi na aanze kwa hesabu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imeitia kompyuta katika fungu moja na motokaa ndogo, na kila mwaka hupunguza asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Wala si ajabu, vyote viwili huzeeka hata vikiwa vimesimama. Kompyuta iliyonunuliwa kwa shilingi 1,600,000, baada ya mwaka mmoja huhesabiwa 1,000,000. Baada ya miwili, 625,000. Baada ya mitatu, 390,625. Hiyo ni hesabu ya kodi, si bei ya soko. Lakini yamsaidia mtu kuacha kuota ile bei aliyoitoa dukani.

Kisha aikague, na kwanza betri. Katika mashine za Windows iko amri iitwayo powercfg /batteryreport. Ukiiandika, hupata taarifa ya nguvu betri iliyoundwa nayo, na nguvu iwezayo kushika sasa. Ikiwa iliundwa kwa vipimo 50,000, na sasa yashika 30,000, imebaki asilimia 60. Mnunuzi wa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara ataliangalia jambo hilo kuliko kung'aa kwa kioo.

Tena kuna umri wa programu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa njia ya kawaida. Windows 11 nayo hutaka kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na kinga iitwayo TPM 2.0; mashine nyingi zilizoundwa kabla ya 2018 haziipokei. Mashine ya namna hiyo hushuka bei, hata ikiwa safi kama mpya.

Baada ya hayo aende mjini Mwanza, aulize maduka matatu: huuza mashine kama hii kwa kiasi gani, na hununua kwa kiasi gani? Mwenye duka hulipa kidogo, maana hana budi kupata faida; jirani hulipa zaidi, ila huchelewa. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, mtu wa Sengerema au Geita hangoji tena kivuko ili aje kuitazama. Kwa hiyo mwuzaji asimkubali mtu wa kwanza kwa hofu tu.

Ubovu ausema wazi, maana kitufe kilichokufa kitaonekana jioni ile ile. Alama na majina ya wanafunzi ayafute kabisa, kwa kuirudisha mashine ilivyotoka kiwandani; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yahusu mambo kama hayo. Stakabadhi ya dukani aitafute sasa, kabla makaratasi hayajaingia masandukuni, pamoja na chaja yake.