Mlango wa Sekondari

Ndugu wasikilizaji wa Lukozi na milima yote ya Usambara, mlango wa sekondari hauko mahali pamoja duniani. Uingereza mtoto huuingia mwezi wa Septemba, naye ana umri wa miaka 11. Marekani sekondari ya juu huanza darasa la tisa, yapata miaka 14. Japani huanza mwezi wa Aprili, baada ya miaka tisa ya masomo. Basi tukitaka kulinganisha, tuhesabu miaka, si majina ya shule.

Hapa kwetu mtoto hufanya mtihani wa darasa la saba, akaingia kidato cha kwanza Januari. Nayo sera iliyotolewa upya mwaka 2023 yataka elimu ya msingi iwe miaka sita. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hata cha nne. Lakini sare na madaftari hununuliwa. Kati ya mtihani na Januari ndipo watoto wengine hupotea: shamba la kabichi lawaita, mji nao wawaita. Wazazi, wekeni akiba wakati viazi vinapouzwa, maana Januari haingoji mtu.