Usimnyamazishe Mtoto Anayeuliza "Kwa Nini"



Ijumaa moja niliamka nikakuta kanzu yangu nyeupe, niliyoiacha juu ya kiti, imegandwa na kitu cha rangi ya waridi. Ni ule udongo wa mpira wa kuchezea, unaouzwa ndani ya kiyai cha plastiki. Binti yangu wa miaka tisa aliusahau hapo usiku ukiwa umeviringwa kama gololi. Kufika asubuhi umetambaa na kuingia kwenye nyuzi.

Sijamaliza kugomba, akaniuliza: "Lakini Baba, niliuweka ukiwa mviringo. Hakuna aliyeugusa. Mbona umelala?"

Nikamwambia anyamaze.

Njiani kwenda msikitini, nimevaa kanzu ya zamani, lile swali likanikaa moyoni. Kila matokeo ya mitihani yakitoka twalalamika kwamba watoto wetu wa Pwani wanaogopa sayansi. Kumbe mmoja ameuliza, na mimi babake ndiye niliyemfunga mdomo.

Jioni nilimwita, nikamjibu hivi. Udongo huu una asili ya vita. Mwaka 1943 Marekani ilikuwa na uhaba wa mpira. James Wright, mhandisi wa General Electric, ni mmoja wa wanaotajwa kuugundua, alipochanganya mafuta ya silikoni na asidi ya boriki akitafuta mbadala. Ulidunda na kuvutika, lakini haukufaa kwa magurudumu. Mwaka 1950 Peter Hodgson akaanza kuuza kama mchezo, kwa jina la Silly Putty.

Siri yake iko ndani. Fikiria sahani ya tambi zilizopikwa zikashikana. Ukivuta moja taratibu, itateleza na kutoka. Ukiivuta kwa ghafla, itakatika. Udongo huu nao una nyuzi ndefu mno zisizoonekana kwa macho, zilizoshikana hapa na pale. Ukiupa muda, nyuzi huachiana, zikashikana kwingine, na udongo ukatiririka. Ukiushtua, hazipati nafasi ya kuachiana, basi hudunda au kukatika. Juu ya kanzu yangu ulikuwa na usiku mzima.

Tukafanya majaribio matatu, nawe waweza kuyafanya na wanao:

1. Vuta udongo polepole, kisha uviringe tena na uuvute kwa nguvu mara moja. Mtoto aeleze tofauti aliyoiona.

2. Viringa tufe, liangushe kutoka urefu wa mita 1 kwenye sakafu ya saruji, mpime kwa rula linadunda hadi wapi. Litie kwenye friji nusu saa, mrudie. Kabla ya kupima, mtoto akisie na aandike. Matokeo sikwambii, pimeni.

3. Baada ya Maghrib weka tufe kwenye sahani juu ya karatasi, uchore mzunguko wake kwa penseli. Chora tena baada ya Isha, na tena baada ya Alfajiri.

Kama udongo haupatikani, chukua wanga wa mahindi vikombe 2 na maji kikombe 1, ukoroge. Huu haudundi, na sababu yake ni nyingine: ni chembe zinazobanana. Lakini somo la kasi ni lile lile. Upige ngumi, utakuwa mgumu. Tia kidole taratibu, kitazama.

Tahadhari: udongo huu hauliwi, na watoto wadogo wasiachiwe. Uweke mbali na nywele, mazulia na misala. Spiriti ilitoa sehemu kubwa kwenye kanzu yangu, ila alama imebaki.

Sikuitupa kanzu ile. Kila nikiiona nakumbuka kwamba mwanangu aliuliza swali zuri, nami nikakaribia kulizima. Kanzu hununuliwa nyingine. Mtoto akizoea kunyamazishwa, hatauliza tena.